Lugha ya Chini ya Kapo

Toyota Celica ya kizazi cha tano, iliyoundwa Japani kati ya mwaka 1989 na 1993, ni motokari ya barabara laini. Pua yake iko chini, tumbo lake liko chini, na dereva wake hukaa miguu imenyooka mbele kama mtu aliyeketi mkekani. Ina milango miwili tu, na viti vya nyuma vinawafaa watoto peke yao. Taa zake kubwa hulala ndani ya kapo mchana, na usiku huinuka kama macho ya chura. Ukiniuliza ni motokari gani isiyofaa kuishi Mulungwishi, nitakuonyesha hiyo. Nayo ndiyo iliyoko katika parseli yetu, chini ya mwembe, tangu mwaka 2014.

Kwa wasomaji wasiowahi kufika kwetu: Mulungwishi iko upande wa Likasi, katika Haut-Katanga, jirani na Kambove. Tuna kituo cha reli, tuna misheni ya Wamethodisti pamoja na shule zake na chuo kikuu chake, tuna mashamba ya mahindi na moshi wa matanuri ya makala. Malori ya shaba na kobalti hupita katika barabara ya Likasi na Kolwezi mchana na usiku. Magari mengine tunayoyaona ni ya kazi: teksi, pikapu, basi dogo lililobeba watu na kuku. Motokari ya spoti huku ni kitu cha kuulizwa maswali.

Baba hakuinunua. Baba ni fundi. Alifanya kazi miaka ishirini na sita katika karakana za kampuni ya migodi, kisha akafungua garaji yake ndogo Likasi. Mwenye Celica aliileta pale ikiwa imetoka Dar es Salaam, volani ikiwa bado kulia, akataka ihamishiwe kushoto. Kazi ikaanza, fedha zikakatika, mwenyewe akahamia mbali. Baada ya miaka miwili ya kudaiwa alituma ujumbe kwamba motokari ichukuliwe na deni lifutwe. Baba akaifunga nyuma ya lori, akaileta nyumbani pamoja na karatasi zake na sanduku la bulonzi. Mama alitoka jikoni, akaizunguka mara moja, akasema: "Hii, hatutaikula na bukari." Akarudi jikoni.

Mimi nasoma lugha. Nimekaa miaka mingi kando ya motokari hiyo nikishika taa na kupokeza vifaa, na yako mambo ya lugha niliyoyakuta pale kabla ya kuyakuta darasani. Ndiyo sababu ya insha hii katika jarida letu.

Kwanza niseme kazi yenyewe, maana wengi hudhani kurekebisha motokari ya spoti ni kuipaka rangi na kuiwekea bomba lenye kelele. Kwetu kazi ilianza na volani. Kongo tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Zambia, Tanzania na Japani wanaendesha kushoto. Gari linaloshushwa bandarini Dar es Salaam, likapita Tunduma na Nakonde, likavuka Zambia hadi Kasumbalesa, linafika kwetu na volani upande usiotakiwa. Kuihamisha si kuchomoa na kuchomeka. Krimaye, ile fimbo yenye meno inayogeuza magurudumu, lazima itoke katika gari lililozaliwa na volani kushoto. Ukuta wa chuma ulio kati ya injini na dereva hutobolewa upya, na tundu la zamani huzibwa kwa bati na kuchomelewa. Pedali huhama, pampu ya freni huhama, nyaya hurefushwa. Dashibodi hukatwa vipande na kuungwa tena kama chungu kilichopasuka. Baba aliifanya kazi hiyo kwa miezi saba, Jumamosi kwa Jumamosi.

Kitu kimoja hakikuhama: fagio za kioo. Ziliwekwa kiwandani ili zimfagilie vizuri dereva wa kulia, na huacha kona chafu juu kushoto, mbele ya abiria. Leo dereva ndiye anayekaa kwenye kona hiyo. Mvua ikinyesha, Baba huendesha ameinamisha kichwa kuelekea katikati, kama mtu anayemnong'oneza jirani yake kanisani.

Halafu kimo. Vijana wa Ulaya, Japani na Marekani wenye motokari kama hii huzishusha ili zilale karibu na lami. Sisi tuliipandisha. Njia ya kutoka barabara kuu hadi kwetu ina mifereji ambayo mvua za Novemba huichimba na kiangazi cha Julai huikausha kama tofali. Baba alichonga kale za chuma akaziweka juu ya resoro, na motokari ikapanda sentimita nne. Jirani alimwuliza kwa nini si kumi. Baba akamwonyesha kardani: motokari ikipanda mno, kiungo cha kardani hukaa kimepinda, mpira unaokifunika huchanika, grisi hutoka na vumbi huingia, na vumbi letu jekundu likishaingia mahali halitoki. Sentimita nne zilitosha kuvuka mfereji bila kuvunja kiungo. Chini ya injini alifunga bati nene la kuipokea mawe. Magurudumu akayanyoosha kwa uzi uliofungwa kwenye vigingi viwili, akipima mbele na nyuma kwa rula ya shule.

Kwa injini tulikuwa na bahati. Celica yetu haina ile turbo maarufu. Ina injini inayoitwa 3S-FE, silinda nne, vali kumi na sita, sentimita za ujazo 1,998. Toyota iliiweka injini ya aina hiyo pia katika Caldina, katika RAV4 za kwanza na katika Ipsum za kwanza. Kwa maneno mengine, chini ya ngozi ya motokari ya mashindano kuna moyo wa teksi. Vipande vyake hupatikana Likasi, na mafundi wanaijua kama wanavyojua majina ya watoto wao. Mkumbuke jambo hili, kwa maana ndilo litakaloleta mnunuzi mlangoni.

Kwa nini basi Baba aliipenda? Ukutani mwa garaji yake kulikuwa na ukurasa wa gazeti, umepauka, wenye picha ya Celica ikivuka maji huko Kenya. Celica zilishinda Safari Rally mara nane: mwaka 1984, 1985 na 1986, kisha 1990, halafu miaka minne mfululizo tangu 1992 hadi 1995. Hizo nne za mwisho zilikuwa za umbo hili hili la kwetu, ingawa zile zilikuwa na turbo na kuvuta kwa magurudumu yote manne. Mwaka 1992 alishinda Carlos Sainz, 1993 Juha Kankkunen, 1994 Ian Duncan, mtu wa Kenya, na 1995 Yoshio Fujimoto. Baba huyataja majina hayo kwa mpangilio, bila kukosea, kama orodha ya wafalme. Hoja yake ni fupi: njia za Kenya zilikuwa mbaya kuliko za kwetu, na motokari hii ilizishinda. Kwa hiyo si kweli kwamba haikuumbwa kwa ajili yetu. Tumekubaliana kutokubaliana.

Sasa maneno. Kila kipande nilichompokeza Baba kilikuwa na jina, na karibu kila jina lilitoka Kifaransa: volani, freni, bujii, kapo, ambreyaji, radiateri, amortisere, kilasi, jwani. Vifaa pia: kle, turnevisi, krike. Namba za kle nazo ni za Kifaransa: "Nipeko kle ya trezi." Lakini sikilizeni hiyo *nipeko*. Mzungumzaji wa Unguja hana *-ko* hiyo. Wabemba wanayo, nasi tunayo. Inalainisha amri, inaifanya iwe ombi. Sentensi ya maneno manne ina kitenzi cha Kiswahili, adabu ya lugha za hapa, chuma cha Kifaransa na namba ya Kifaransa, na bado mtoto wa miaka sita anaielewa na kuinuka.

Na tazameni tena jina la kitu kizima. Vipande vyote ni vya Kifaransa, lakini chombo chenyewe tunakiita *motokari*, neno la Kiingereza. Reli iliingia Elisabethville mwaka 1910 kutoka kusini, kutoka Rhodesia, miaka minne tu baada ya kuundwa kwa Union Minière, na pamoja nayo waliingia watu na maneno ya kusini. Johannes Fabian katika kitabu chake *Language and Colonial Power* cha mwaka 1986 ameeleza jinsi watawala wa Kibelgiji walivyokipendelea Kiswahili hapa Katanga, sababu mojawapo ikiwa kuzuia nguvu ya Kiingereza. Kiingereza kilizuiwa, lakini motokari ilikuwa imekwisha kuegeshwa. Kiswahili chetu ni kama ile Celica: kila aliyeipitia amefungua kitu na kufunga kingine, na bado inakwenda.

Mwalimu mmoja wa sekondari alikuwa akitukataza maneno hayo. Alitaka tuseme usukani, plagi, klachi, kana kwamba plagi na klachi zilizaliwa Lamu. Sikubishana naye wakati ule. Jibu langu kwake lilipatikana baadaye, na lilitoka katika masikio ya Baba.

Baba anapoteza uwezo wa kusikia. Mtu aliyekaa miaka ishirini na sita kati ya kompresa na nyundo za hewa hupoteza kwanza sauti za juu, zile za karibu hertzi 4,000, na kuziwi huko huanza bila mwenyewe kujua. Daktari wa Likasi alimchorea mstari wake kwenye karatasi: upande wa sauti nzito umelala sawa, upande wa sauti nyembamba unaporomoka kama kingo za mgodi. Niliitazama karatasi ile kwa macho ya mwanafunzi wa fonetiki. Irabu nguvu yake kubwa iko chini. Konsonanti kama *s*, *f*, *t* na *k* hutegemea sauti za juu. Maana yake Baba anasikia irabu zetu na kukosa konsonanti zetu. Ukimwambia *kata*, *taka* au *paka*, kwake yote ni *a-a*. Ukimwambia *kitu* au *vitu*, hajui ni kimoja au vingi.

Ndipo nilipotambua kwa nini garajini tulielewana kuliko mezani. *Ambreyaji* ina irabu nne zenye sura yake. Haifanani na neno lingine lolote. *Radiateri* vilevile, *amortisere* vilevile, na *bujii* ina *i* ndefu mwishoni kama mkia. Hata akikosa konsonanti zote, umbo la neno linabaki. *Usukani* nalo lingemfaa, sikatai. Lakini *plagi* lingemponyoka kati ya mengine mia. Maneno ambayo mwalimu wangu aliyaona kuwa takataka ndiyo ambayo sikio la fundi mzee linaweza bado kuyashika. Lugha ya kazi haichagui maneno kwa asili yake. Huyachagua kwa kuwa yanasikika katikati ya kelele.

Kuna uziwi mwingine ambao kwa fundi ni mzito zaidi: uziwi wa injini. Mafundi wa umri wa Baba hawakuwa na kompyuta ya kusoma makosa. Waliweka ncha ya turnevisi ndefu juu ya chuma na mpini wake kwenye mfupa nyuma ya sikio, wakasikiliza silinda moja moja. Baba alikuwa maarufu kwa hilo. Leo anaposikiliza, sauti nzito bado zinamfikia kupitia mfupa na meno. Nyembamba hazimfikii kabisa. Mwaka jana, mwezi wa sita, injini ya Celica ilianza kugonga, na yeye hakujua. Mimi ndimi niliyemwambia.

Alizima injini. Akanitazama muda mrefu. Kisha akaniita kwa jina analoniita tangu utoto, kwa kuwa nimerithi jina la mama yake:

"Mama. Iko nalia namna gani?"

Swali hilo ni rahisi kuliuliza. Lakini jibu lake lilikuwa na bei. Wiki ile ile mwenye teksi mmoja wa Likasi alikuwa amekuja kuiulizia injini. Ipsum yake ilikuwa imekufa injini. Ya kwetu ingeingia bila shida. Alisema: injini nzima ikiwa nzuri, dola mia saba, ikiwa inagonga chini, mia mbili, na hiyo ni kwa heshima. Nyumbani minerval yangu ya mwaka ilikuwa haijalipwa. Mama alikuwa amekwisha kuhesabu. Hakuna aliyenieleza hesabu hiyo, lakini nyumba yetu ina vyumba vitatu na kuta nyembamba.

Injini inapogonga, fundi hutafuta kwanza kujua kama ni juu au chini. Chini kuna bieli na vikombe vyake, yaani zile bamba laini zinazozunguka nguzo kuu. Zikilika, injini lazima ifunguliwe yote, na kwa motokari ya zamani hilo huwa hukumu ya kifo. Juu kuna vali, na kando kuna kolekteri inayopokea moshi. Mlio wa huko huudhi lakini hauui. Kwa hiyo neno langu moja lingeipeleka motokari kaburini au lingeirudisha. Na Baba hakuwa na njia ya kulihakikisha kwa sikio lake. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi ilimlazimu kuamini maelezo.

Tulikuwa na msaada mmoja, nao ulikuwa wa kale kuliko motokari. Mafundi huziita sauti kwa tanakali, na tanakali hizo zina utaratibu. *Ti-ti-ti* ni cherehani: vali zenye nafasi. *Tsi-tsi* ni hewa inayotoroka. *Ta-ta-ta* ni chuma kikavu. *Ndu-ndu-ndu* ni mlango unaogongwa na mtu wa jela: bieli. Utaona kwamba irabu ndiyo inayopanda na kushuka: *i* juu, *a* katikati, *u* chini kabisa. Wanaisimu wanajua kwamba lugha nyingi duniani hufanya hivyo. Lakini kwangu halikuwa tena jambo la kitabuni. Konsonanti za tanakali zilikuwa zimempotea Baba; irabu alizisikia bado, na asipozisikia aliziona mdomoni, maana *i* huutandaza mdomo na *u* huukunja. Wazee wa kazi, bila kukusudia, walikuwa wameyaweka maarifa yao mahali ambapo uziwi huchelewa kufika.

Nikawasha injini, nikasikiliza, nikazima. Nikamwambia: "Ti. Lakini iko na ta ndani. Ti-ta, ti-ta."

"Haraka ao polepole?"

Nikampigia kwa ukucha juu ya mkono wake, kwa kasi niliyoisikia. Akafumba macho kuupokea mdundo. Akasema injini iwashwe tena, akachukua turnevisi, akaweka ncha yake chini, ubavuni mwa injini, na mpini akauma kwa meno. Alikaa hivyo dakika nzima. Akahamia silinda ya pili, ya tatu, ya nne. Aliposimama alikuwa anatabasamu kidogo.

"Wewe unasikia?"

"Nasikia, Papa. Hata sasa."

"Mimi sisikie kitu. Bon. Ingekuwa ya chini, ningeisikia. Ile ya chini bado ni yangu."

Nimeirudia sentensi hiyo mara nyingi tangu siku ile. Alikuwa ameugeuza uziwi wake kuwa kipimo. Sauti anayoikosa yeye na kuipata mimi, kwa hesabu tu, lazima iwe nyembamba. Na iliyo nyembamba haitoki kwenye bieli.

Hakuridhika na hilo peke yake, maana fundi haamini ushahidi mmoja. Tuliiacha injini ipoe usiku mzima. Asubuhi, ikiwa baridi, mlio ulikuwa mkubwa. Ilipopata moto ukapungua. Bieli iliyolika hufanya kinyume: mafuta yakipata moto na kuwa mepesi, kelele huzidi. Halafu nilivaa glavu ya mpira, nikachomoa waya wa bujii moja baada ya nyingine. Nilipochomoa wa tatu, mlio ukakatika. Baba akafungua lile bati linaloikinga kolekteri. Pale penye silinda ya tatu palikuwa na alama nyeusi ya masizi, nyembamba kama unywele, na chini ya masizi ufa. Kila silinda ilipotema moto, moshi ulipenya ufa huo: *ti-ta*. Chuma kilipopanuka kwa moto, ufa ulijibana, na sauti ikashuka.

Mpaka hapo tulikuwa na habari njema yenye sumu. Injini ilikuwa nzima. Basi ilikuwa na thamani ya dola mia saba. Kama neno langu lingekuwa *ndu*, mwenye teksi angelipa mia mbili na hakuna mtu nyumbani ambaye angejisumbua kuiuza. Ukweli ndio ulioiweka motokari hatarini. Mama alisikia matokeo akiwa anasonga bukari, na hakuacha kusonga. Alisema: "Basi iko muzuri. Kitu kizuri ndicho kinauzwa." Sikuona kosa katika maneno yake, na hata leo silioni. Mama anauza mikate asubuhi ili watoto wanne wasome, na motokari ile haijawahi kununua unga.

Baba alijibu kesho yake. Aliyang'oa magurudumu yale ya aluminiamu yaliyokuja na motokari kutoka Japani, mapana, ya kung'aa, yenye tairi nyembamba ambazo njia yetu ilikuwa ikizitafuna. Akatoa redio na spika zake. Akavipeleka Likasi, akarudi na magurudumu ya chuma na sehemu ya kwanza ya minerval yangu. Celica sasa inavaa viatu vya kazi. Nadhani inapendeza zaidi hivyo, lakini mimi si mtu wa kuaminiwa katika hilo.

Kolekteri tuliitengeneza wenyewe. Chuma cha kumwaga hakipendi kuchomelewa. Kikipata moto wa ghafla mahali pamoja, hupasuka pembeni ya pale ulipokishona. Tuliizika katika makala yanayowaka hadi ikawa na rangi ya matofali. Mchomeleaji akaziba ufa kwa fimbo ya chuma hicho hicho, kisha tukaifukia katika majivu ya moto ipoe polepole hadi kesho yake. Majivu tulikuwa nayo. Mulungwishi hatuna uhaba wa makala. Kilichokosekana ni jwani yake, ile bamba inayokaa kati ya kolekteri na kilasi. Likasi haikuwepo wiki ile. Dereva mmoja Mtanzania, anayepeleka mizigo Kolwezi na kusimama kula kwa mama mmoja barabarani, alikubali kuitafuta Kariakoo.

Nikamwandikia: *joint ya collecteur*. Akaniuliza ni kitu gani hicho, dada. Nikamweleza: kile kinachoziba kati ya injini na mdomo wa bomba la moshi. "Aah," akasema, "gasketi ya manifodi ya ekzosi. Si ungesema tu Kiswahili!" Tulicheka wote wawili, kila mmoja akiamini kwamba mwenzake ndiye asiyejua Kiswahili. Kisha tukakaa kwenye benchi, tukaandika orodha ya safu mbili. Bujii, plagi. Ambreyaji, klachi. Kilasi, silinda hedi. Kapo, boneti. Amortisere, shokomzoba. Safu yangu ilikuja na Mbelgiji, yake ilikuja na Mwingereza, na mstari tuliouchora katikati ya karatasi ni mpaka ule ule ambao lori lake huuvuka Kasumbalesa. Vitenzi tu havikuhitaji safu mbili: funga, fungua, kaza, legeza, washa, zima. Baada ya wiki tatu jwani, ama gasketi, ilifika imefungwa katika gazeti la Dar es Salaam. Iliingia sawasawa.

Wenzangu wa kitivo, nina pendekezo. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya mji wa Elisabethville kwa Kiswahili cha hapa, kilekile cha kazini na nyumbani, na leo wasomi wa nchi za mbali wanaisoma. Hakuna aliyeandika vivyo hivyo sauti za garaji zetu. Kutoka Lubumbashi hadi Kolwezi kuna mafundi wenye umri wa Baba ambao wana neno kwa kila aina ya mlio: mlio wa mkanda uliolegea, wa pampu iliyokosa maji, wa vali iliyoungua. Vijana wanaokuja nyuma yao wana kompyuta ndogo inayosema kosa kwa namba. Siichukii kompyuta hiyo. Ningefurahi Baba awe nayo, kwa kuwa haihitaji sikio. Lakini namba haina irabu. Chukueni daftari, mkaketi kwenye tairi kuukuu, mwulize: "Ikilia hivi, inaitwaje?" Andikeni na jina la kifaa kama fundi anavyolitaja, si kama kamusi inavyotaka. Mimi nimeanza, daftari langu lina tanakali arobaini na moja, na Baba anazipitia kila Jumamosi, akisahihisha irabu kwa kutazama mdomo wangu.

Safari ya mwisho aliniachia volani. Tulikwenda Likasi na kurudi, mvua ya kwanza ilitukuta njiani, na nikajifunza kuinamisha kichwa kuelekea katikati. Sehemu ya pili ya minerval inatakiwa kabla ya mwisho wa mwezi wa tano. Motokari inawaka kwa mara ya kwanza, bila *ti*, bila *ta*. Mwenye teksi amepiga simu tena juzi. Mama ndiye aliyepokea, na mpaka sasa hajatuambia alimjibu nini.